Uzi Mnene Juu

Mdogo wangu wa kiume alipaka dawa nyeupe juu ya mwandiko wa baba yetu. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaposimulia harusi ya mdogo wetu wa kike huanza na gauni, au na mvua iliyonyesha Buffalo asubuhi ile, na mimi nikinyamaza hudhani nimesahau. Sijasahau. Ilikuwa ile dawa ya kufutia wino, ya kichupa chenye brashi ndani ya kifuniko. Aliipaka kwenye kurasa nne za daftari, akangoja ikauke, akaandika juu yake namba zake mwenyewe. Halafu akaniambia kwamba amesahihisha.

Tulikuwa watoto watatu. Mimi wa kwanza, yeye wa pili, na binti wa mwisho. Mama alifariki tungali milimani, Kivu ya Kusini, binti akiwa bado ananyonya. Baba alifariki kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kama miaka mitatu baadaye, kwa kifua. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita. Ilibidi mtu apange foleni ya unga, ilibidi mtu abaki na mtoto, na baba alikuwa hawezi kupanda kilima cha bombani bila kukaa chini njiani. Kwa hiyo wao wawili wakaja kusoma. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili ijulikane ni nani aliyekuja kuniambia, miaka mingi baadaye, "Yaya, hivi ni vitu vya watu wa shule." Yaya, kwetu, ndiye mkubwa aliyezaliwa kabla yako. Neno la heshima, na alilitumia vizuri kabisa.

Baba alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Gitaa lake liliteremka milimani na nyuzi sita, lakini ule mwembamba kabisa ulikatika na kambini hakuna aliyeuza mwingine, hivyo likabaki la nyuzi tano mpaka mwisho. Nyimbo alizotunga aliziandika kwenye daftari la shule, kwa namna yake. Alichora mistari mitano kwa kufuata ukingo wa kipande cha bati, mstari mmoja kwa kila uzi. Kwenye mstari aliandika namba. Sifuri, uzi upigwe bila kubanwa. Moja, kidole kibane chumba cha kwanza cha shingo, zile nafasi zinazotengwa kwa vyuma. Mbili, cha pili, na kuendelea. Juu ya namba alisimamisha vijiti vidogo. Kijiti kisicho na mkia kilikuwa mwendo wa polepole, chenye mkia mmoja haraka, chenye mikia miwili haraka zaidi. Kijiti hakukirudia. Aliandika kimoja, na mwendo huo ukaendelea mpaka utakapokuta kingine. Na mstari wa juu kabisa ulikuwa uzi mnene.

Nilimuuliza kwa nini. Aliniketisha, akanipakatisha gitaa, akasema, "Inamisha kichwa. Uzi gani uko karibu na pua yako?"

Ulikuwa ule mnene.

"Bon," akasema, yaani sawa. "Mimi ninaandika kile ninaona."

Kupiga sikufundishwa. Katika kwaya yetu wasichana waliimba, gitaa lilikuwa la wanaume. Lakini baba alipowafundisha vijana wa kwaya, mimi ndiye niliyeshika daftari na kuwasomea: uzi wa tatu, mbili, uzi wa nne, sifuri. Ukiniamsha leo nitakusomea.

Wimbo wa zile kurasa nne ni wimbo wa kumtoa bibi harusi. Baba aliutunga wakati shangazi yetu alipoolewa pale kambini. Chini ya mistari, mahali patatu, aliandika msalaba mdogo. Hapo mpigaji huacha nyuzi na kupiga ubao wa gitaa kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayebisha hodi, na bibi harusi anayetembea kwenda kwa watu wa mume husimama. Gitaa likianza tena, anatembea. Anasimama kwa ajili ya mama yake, anasimama kwa ajili ya nyumba alimolelewa, na mara ya tatu anasimama kwa ajili ya baba. Hiyo ya tatu ndiyo ndefu. Nilimwona shangazi amesimama mbele ya watu wote, analia huku anacheka, na baba amenyamazisha gitaa, hana haraka yoyote.

Siku zake za mwisho, pale zahanati, baba aliniambia, "Huyu mdogo akitoka, mumupigie." Huyo mdogo alikuwa amelala mgongoni mwangu. Nikasema ndiyo.

Louisville, Marekani, tulifika watatu tukiwa na ule mfuko mweupe wa plastiki wa hati za safari wanaopewa wakimbizi, na daftari likiwa ndani yake katikati ya karatasi za chanjo. Nilipata kazi kwenye bohari la vifurushi. Nilisimama kando ya mkanda unaokimbia, nikigeuza maboksi ili anwani itazame juu. Mdogo wangu aliingia sekondari, kanisa likampa gitaa, akawa hodari upesi sana, hilo silikatai. Kwenye kompyuta ya shule alijifunza namna wanavyoandika gitaa siku hizi: mistari sita, namba kwenye mistari, na uzi mwembamba juu. Jioni moja alifungua daftari la baba mezani akaanza kucheka.

"Yaya, kuja uone! Papa aliandika kichwa chini."

"Kichwa chini ni chako weye."

"Na alisahau mstari moja. Iko mitano."

"Nyuzi zilikuwa tano."

"Gitaa ya nyuzi tano haiko, yaya. Haiko fasi yoyote."

Akacheka tena, na binti akacheka kwa kuwa kaka yake amecheka. Nikachukua daftari nikalirudisha mfukoni. Nilipaswa kumketisha siku ile ile, nimpakatishe gitaa, nimwambie ainamishe kichwa. Lakini nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, na tena niliona aibu, kwa maana nami nilianza kujiuliza kama kweli baba alikuwa amekosea. Hilo ni langu. Nimeliandika, tuendelee.

Alipomaliza sekondari alipata nafasi ya chuo kikuu huko Columbus, kusomea muziki. Binti naye akachumbiwa na kijana wa kwetu, wa milima ile ile, anayefanya kazi kiwandani Buffalo. Mimi na binti tukahamia Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao kwenye mtaa unaotokea Grant Street, nami nikapata kazi ya kutunza wazee Kenmore. Nilipomweleza binti habari ya wimbo, yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula, siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili.

"Ninataka papa anitoe," alisema. "Sura yake sina. Sauti yake sina. Nipe hiyo."

Krismasi ile mdogo wangu alipokuja kutusalimia nikamkabidhi daftari mkono kwa mkono. Nikamwambia mstari wa juu ni uzi mnene, na misalaba ni kupiga ubao. Akasema, "Ndiyo, yaya, ndiyo," kwa ile sauti ya mtu anayemtuliza mzee.

Aprili ya 2015 nilipanda basi kwenda Columbus kumsikiliza. Alipanga chumba karibu na chuo, mtaa wa wanafunzi peke yao, makochi yametupwa kwenye nyasi. Alinikaribisha vizuri, akanipikia wali, akakaa kitandani na gitaa akaupiga wimbo wote.

Ulikuwa mzuri. Ulikuwa laini, kila sauti imekaa pake. Ulikuwa kama ule muziki unaopigwa kwenye lifti kule Kenmore ninapowateremsha wazee kwenda kula.

"Huo si wimbo wa papa," nikasema.

"Ni wa papa. Nilitengeneza tu."

"Ulitengeneza nini?"

"Bon, yaya, ukipiga vile aliandika inakuwa makelele. Donc nilitafuta alikuwa anataka kusema nini. Niliongeza mstari ya sita. Fasi zingine alisahau mwendo, hakuweka kijiti, nikaweka. Na fasi tatu alikata noti na msalaba, halafu hakuandika ingine."

"Misalaba nilikuambia ni nini."

"Ulikuwa mtoto, yaya. Mutu anaweza kukumbuka vibaya."

Nikaomba daftari. Alinipa bila wasiwasi, na nadhani alikuwa anangoja nimsifu. Nikalifungua. Kurasa nne zilikuwa na magamba meupe, na juu ya magamba namba nyeusi, safi, zimepangwa kama za benki. Mwandiko wa baba ulibaki pembezoni tu, mkia wa kijiti hapa, nusu ya sifuri pale.

"Ndani ya daftari?" nikamuuliza. "Columbus nzima haina karatasi?"

"Nilitaka ibaki pamoja na zingine."

"Ungenikata kidole ningekuelewa."

"Yaya, usikasirike bure. Hivi ni vitu vya watu wa shule. Papa alijaribu. Alijaribu muzuri, kwa mutu hakufundishwa."

Alisema kwa upole, akaniongezea wali. Mtu akikutukana kwa ukali unaweza kumjibu. Huyu alinitukania baba huku anauliza kama chumvi imetosha. Nilisukuma sahani, nikalitia daftari kwenye mkoba wangu.

Asubuhi alinipeleka chuoni, nadhani ili nisipande basi la kurudi. Mwalimu wake wa vyombo vya zamani, mama wa makamo mwenye nywele fupi za kijivu, alikuwa amefungua darasa kwa wageni. Juu ya meza kulikuwa na luti, chombo cha nyuzi cha Ulaya ya kale, tumbo lake kama nusu ya boga na kichwa kimepinda nyuma kana kwamba kimevunjika. Kando yake kulikuwa na gitaa dogo jembamba. Mwalimu alisema gitaa la nyakati zile lilikuwa na nyuzi za mafungu matano, mbili mbili. Mdogo wangu alinitafsiria hilo neno la matano kwa haraka, akitazama sakafu. Kisha mwalimu akampa kila mgeni karatasi moja, nakala ya kitabu cha Mtaliano aliyekufa karne nyingi zilizopita. Maandishi ya namna hiyo, alisema, huitwa tablatura.

Nikaitazama karatasi yangu. Mistari mitano. Namba kwenye mistari, na sifuri nyingi. Juu ya namba, vijiti vyenye mikia, kimoja hapa, kingine mbali kule, havirudiwi.

"Muulize mstari wa juu ni uzi gani," nikamwambia mdogo wangu.

Hakuuliza. Nilimwona masikio yanavyobadilika rangi.

"Muulize."

"Ni uzi munene, yaya," akasema polepole. "Wataliano wa zamani waliandika hivyo. Wafaransa ndio waliweka mwembamba juu, na herufi fasi ya namba."

"Ulijua tangu lini?"

"Tulifanya mtihani mwezi wa kumi."

"Ukapata ngapi?"

Akageuka kumtazama mwalimu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipata zote.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa, na mpaka leo imekaa hapo. Kama hakujua, ningesema hakujua. Lakini alijua. Mwezi wa kumi alijibu mtihani kwamba watu wa kale waliweka uzi mnene juu, kwamba gitaa lao liliandikwa kwa mistari mitano, kwamba mwendo huandikwa mara moja tu. Krismasi nikamkabidhi daftari lenye mambo hayo hayo matatu, akaenda dukani kununua dawa nyeupe. Mtaliano aliyekufa alikuwa na namna yake. Baba yake alikuwa na makosa. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba mtu mwenye koti la msaada, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, angeweza kuinamisha kichwa juu ya gitaa na kuona kile kile alichokiona Mtaliano.

Mwalimu aliona tunabishana akauliza kuna nini. Mdogo wangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba dada yake amewahi kuona kitu kinachofanana na hiki. Kitu! Kiingereza changu ni cha bohari, lakini hilo nililisikia. Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikafungua kurasa za mbele ambazo hazikuguswa, nikamwambia mwalimu mwenyewe, kwa Kiingereza hicho hicho, kwamba aliyeandika ni baba yetu, na huyu ni mtoto wake. Yule mama alitazama kwa muda, akaniuliza ni uzi gani haukuwepo, akavuta gitaa dogo, akakaza fungu moja la nyuzi, akapiga mstari wa kwanza wa wimbo mwingine wa baba, taratibu, bila kugeuza namba hata moja. Ukatoka ulivyo. Akasema aliyeandika hivi alijua anachofanya.

Mdogo wangu akaamini pale pale. Na hilo nalo sikulipenda. Mimi nilimwambia Louisville, nikamwambia Buffalo, nikamwambia chumbani kwake jana yake. Ilibidi aambiwe na mtu asiyemjua baba.

Nilirudi Buffalo na daftari. Nilijaribu kukwangua ile dawa kwa ukucha, karatasi ikaanza kuchanika, nikaacha. Harusi ilikuwa Agosti. Kwa wiki nzima nilitembea na daftari kazini bila kujua nalibebea nini. Siku moja saa ya kula, kwenye kile chumba cha vioo ambamo wazee wa Kenmore huota jua, niligeuza ukurasa uliopakwa, nikapitisha kidole nyuma yake. Kulikuwa na vipele. Baba aliandika kwa kukandamiza kalamu, ndiyo maana alitumia upande mmoja tu wa karatasi. Kila namba yake ilitokeza nyuma. Kalamu ya mdogo wangu ilikuwa laini, haikuacha alama. Nyuma ya karatasi alikuwepo baba peke yake.

Wimbo ulikwenda kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, lakini mstari wa juu ulibaki juu. Nikafumba macho nikasoma kwa kidole, nikaandika kwenye karatasi safi, namba moja moja. Bibi mmoja niliyekuwa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasoma. Akasema endelea. Ilinichukua saa za kula za majuma matatu, na misalaba yote mitatu niliikuta, mirefu na mizito kuliko namba zote.

Nikampigia simu mdogo wangu.

"Shika gitaa. Toa uzi mwembamba."

"Sitaugusa, yaya. Nitaruka tu."

"Toa."

Nikasikia akilegeza, uzi ukalia, ukanyamaza. Basi nikamsomea kama nilivyowasomea vijana wa kwaya: uzi wa tatu, mbili, uzi wa nne, sifuri, hapo haraka, mpaka nikuambie. Alipiga nyuma yangu kwa kusitasita. Kwenye mstari wa tatu wimbo ulitoka. Nilikuwa jikoni, binti anakunja nguo; akaacha kukunja.

Kule Columbus mdogo wangu akaacha kupiga.

"Yaya," akasema. "Yaya, ni yenyewe."

"Sikukuuliza. Uzi wa nne, sifuri."

Alikuja Buffalo siku mbili kabla ya harusi, akiwa anaujua wote. Aliomba msamaha mlangoni, viatu bado mguuni. Nikamwambia nimesikia. Tukabishana jambo moja tu, kimya cha tatu.

"Ile ya mwisho ni ndefu sana. Watu watafikiri nimesahau."

"Waache wafikiri."

"Mwalimu wangu anakuja, yaya."

"Papa naye anakuja."

Siku ya harusi mvua ilinyesha, kwa hiyo binti hakutokea nyumbani. Alitokea mlango wa pembeni wa kanisa, na watu wa mume wakamngoja upande wa pili, mbele ya madhabahu. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti na gitaa la nyuzi tano. Akaanza. Binti akatembea. Ubao ukalia, akasimama, kwa ajili ya mama. Gitaa likaendelea, akatembea. Ubao ukalia tena, akasimama, kwa ajili ya nyumba, na nyumba zetu zimekuwa nyingi. Nilikuwa kwenye benchi la mbele, mahali pa wazazi, nahesabu.

Mahali pa msalaba wa tatu mdogo wangu aliinua macho. Aliona kanisa limejaa, aliona mwalimu wake, na mkono wake ukabaki kwenye nyuzi. Akapita. Binti alipiga hatua moja, akapiga ya pili, taratibu, kama mtu anayesikiliza kama ameitwa. Kisha akatazama chini.

Nikapiga benchi kwa kiganja.

Ulikuwa mlio mkubwa kuliko nilivyotaka. Watu wote waligeuka. Binti akasimama. Gitaa likakatika katikati ya mstari, na mdogo wangu akanitazama, nami nikamtazama; sikutabasamu, wala sikumpa ishara aendelee. Kiganja kiliniwaka. Mtoto mmoja akauliza kitu kwa Kiingereza, akanyamazishwa. Binti alisimama pale na mvua ikipiga madirisha, akaanza kulia, kisha akaanza kucheka, na hakuna mtu aliyemfundisha hivyo.

Nilimwacha asimame mpaka ukatimia ule urefu wa kimya cha baba. Mdogo wangu hakuniuliza kama sasa aanze. Aliinamisha kichwa juu ya gitaa, chini kabisa, akatafuta uzi ulio karibu na pua yake, akaanza.